Jemadari na Chama: Mafunzo ya Utumishi wa Vo Nguyen Giap

Katika nchi nyingi zilizopata uhuru baada ya mwaka 1945, swali la jeshi limekuwa swali la utawala wenyewe. Togo mwaka 1963, Ghana mwaka 1966, Uganda mwaka 1971, Chile mwaka 1973: kote huko wenye bunduki walitoka makambini wakaingia Ikulu, na mara nyingi mabeberu walishangilia. Wako watu waliotoa hitimisho la haraka kutokana na matukio hayo. Walisema kwamba nchi maskini haina namna ya kuwa na jeshi lenye nguvu bila kumwogopa jemadari wake. Sisi hatukubaliani na hitimisho hilo. Jeshi haliwi hatari kwa sababu lina nguvu; linakuwa hatari linapokuwa halina mizizi katika umma, na linapokuwa na viongozi wanaodhani kwamba cheo ni mali yao.

Katika makala haya tutaeleza maisha ya kazi ya jemadari mmoja, Vo Nguyen Giap wa Vietnam, ambaye aliongoza majeshi yaliyolishinda dola moja la kibeberu na kusaidia kulishinda la pili, kisha akatumwa kazi ambazo watu wengi waliziona ndogo. Nia yetu si kumtengeneza shujaa wa kuabudiwa. Historia haifanywi na mtu mmoja, na Giap mwenyewe asingekuwa kitu bila wakulima wa Vietnam. Nia yetu ni kuuliza swali ambalo kila kada hana budi kujiuliza: utii kwa Chama ni nini, na unaishia wapi?

Mwalimu wa historia

Giap alizaliwa tarehe 25 Agosti 1911 katika kijiji cha An Xa, Jimbo la Quang Binh, katikati ya Vietnam. Wakati huo nchi yake ilikuwa imemezwa na Ufaransa katika koloni kubwa lililoitwa Indochina. Alipokuwa mwanafunzi katika mji wa Hue alishiriki katika mgomo wa wanafunzi mwaka 1927 akafukuzwa shule. Mwaka 1930 alikamatwa na polisi wa kikoloni akafungwa. Baadaye alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Hanoi, akawa mwandishi wa magazeti, na akafundisha historia katika shule ya Thang Long mjini humo.

Yafaa makada wakumbuke jambo hili: Giap hakusoma hata siku moja katika chuo cha kijeshi. Alichokuwa nacho kabla ya kushika bunduki ni ujuzi wa historia ya watu wake na uchunguzi wa hali yao ya maisha. Katika miaka ya 1937 na 1938, pamoja na Truong Chinh, aliandika kitabu juu ya suala la wakulima. Waliuliza ardhi ni ya nani, kodi inalipwa na nani, deni linamla nani. Aliyejua majibu ya maswali hayo alijua pia ni nani angempa mpiganaji chakula usiku na ni nani angekimbilia kwa polisi kumchongea. Elimu hiyo haikufundishwa Saint-Cyr.

Gharama ya njia aliyoichagua ilikuwa kubwa. Mwezi Mei 1940, Giap na Pham Van Dong walivuka mpaka kwenda China kukutana na Ho Chi Minh. Giap alimwacha nyuma mkewe, Nguyen Thi Quang Thai, pamoja na mtoto mchanga. Mkewe alikamatwa na Wafaransa akafia kifungoni. Shemeji yake, Nguyen Thi Minh Khai, alipigwa risasi mwaka 1941. Baba yake pia alifia mikononi mwa wakoloni. Tunayataja haya kwa sababu wako wanaodhani kwamba uzalendo ni maneno ya jukwaani.

Siasa kabla ya bunduki

Tarehe 22 Desemba 1944, katika misitu ya Cao Bang karibu na mpaka wa China, Giap aliunda kikosi cha watu 34, watatu kati yao wanawake. Silaha zao zilikuwa chache na za aina mbalimbali. Ndiyo mbegu ya Jeshi la Umma la Vietnam. Lakini jina ambalo Ho Chi Minh alikipa kikosi hicho lina maana kubwa kuliko hesabu ya bunduki zake. Hakukiita kikosi cha mashambulizi. Alikiita Kikosi cha Uenezi chenye Silaha cha Ukombozi wa Vietnam. Maana yake ni kwamba kazi ya kwanza ilikuwa kuamsha watu, na silaha ilikuwa ya kuilinda kazi hiyo.

Siku chache tu baadaye kikosi hicho kiliteka vituo viwili vidogo vya wakoloni, Phai Khat na Na Ngan. Ushindi huo ulikuwa mdogo kwa hesabu ya kijeshi, ila kwa siasa ulikuwa mkubwa sana, kwa kuwa ulimwonyesha mkulima kwamba Mfaransa anaweza kushindwa. Askari walifundishwa wasichukue kitu cha mwananchi bila ridhaa yake, na wasaidie kazi katika vijiji walivyopita. Askari anayemwibia mkulima kuku leo, kesho atapita njia hiyo hiyo bila kuambiwa kwamba adui amelala kichakani.

Baada ya Mapinduzi ya Agosti 1945, na tangazo la uhuru la tarehe 2 Septemba mwaka huo, Giap alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, kisha akawa Waziri wa Ulinzi. Wafaransa walikataa kuondoka, na vita kamili ikaanza mwezi Desemba 1946. Mwaka 1948 Serikali ilimpa cheo cha Jenerali. Hakupanda ngazi zilizo katikati, hazikuwako. Jeshi lenyewe lilikuwa bado linajifunza kuwa jeshi.

Uamuzi wa Dien Bien Phu

Wanafunzi wengi wanajua kwamba Wafaransa walishindwa Dien Bien Phu. Wachache wanajua kwamba ushindi huo ulianza kwa kuahirisha.

Mwishoni mwa mwaka 1953 Wafaransa waliteremsha askari wao katika bonde la Dien Bien Phu, karibu na mpaka wa Laos, wakajenga ngome wakitumaini kuwavuta Wavietnam wapigane mahali pa wazi na kuwasaga kwa mizinga na ndege. Mpango wa kwanza wa Wavietnam ulikuwa kupiga haraka na kumaliza haraka. Siku ya mashambulizi ilikwisha kupangwa mwishoni mwa Januari 1954. Mizinga ilikuwa imeburutwa milimani kwa mikono na kamba. Askari walikuwa na ari, na kila mtu alingojea amri.

Giap alitazama tena hali ilivyo. Adui alikuwa ameongeza ngome zake. Jeshi la umma lilikuwa halijawahi kupiga ngome kubwa kiasi hicho mchana, katika uwanja wazi, likiunganisha mizinga na askari wa miguu. Mwaka 1951 alikwisha kupata fundisho chungu. Katika bonde la Mto Mwekundu, huko Vinh Yen, Mao Khe na Mto Day, alikuwa amepeleka askari wake kupigana ana kwa ana na majeshi ya Jenerali de Lattre kabla ya wakati kuiva, na maelfu wakapotea. Alipokuwa anakwenda Dien Bien Phu, Ho Chi Minh alimwagiza kwamba apige akiwa na hakika ya kushinda. Asipokuwa na hakika, asipige.

Tarehe 26 Januari 1954 Giap aliiita Kamati ya Chama ya uwanja wa vita. Wengine walipinga: watawaambiaje askari waliokwisha kuiburuta mizinga hadi juu? Baada ya majadiliano, Kamati ilikubali. Mashambulizi yaliahirishwa, na mizinga ikaburutwa tena kurudi nyuma. Katika kazi hiyo ya kurudi nyuma askari mmoja, To Vinh Dien, alijitupa chini ya gurudumu kuuzuia mzinga uliokuwa unaporomoka, akafa. Jina lake limo katika historia ya Vietnam hadi leo. Nasi tunasema ni haki liwemo, maana yeye alikufa akitekeleza amri ya kurudi nyuma, amri ambayo si rahisi kuitii kwa moyo mmoja.

Wiki zilizofuata zilitumika kuandaa. Zaidi ya raia 260,000 walibeba mchele na risasi. Baiskeli zipatazo 20,000 zilisukumwa kwa mguu katika njia za milimani, kila moja ikichukua mzigo ambao mtu mmoja asingeweza kuuinua. Mashambulizi yalianza tarehe 13 Machi, na baada ya siku 56, tarehe 7 Mei 1954, ngome ikaanguka. Askari wapatao 10,000 walitekwa. Miongoni mwao walikuwamo Waafrika, Waalgeria na Wamoroko, ambao ubeberu uliwapeleka mbali kumwua mnyonge mwenzao. Tarehe 1 Novemba mwaka huo huo Waalgeria walianza vita yao wenyewe ya uhuru. Habari za Dien Bien Phu zilikuwa zimefika Afrika.

Fundisho la kisiasa liko wazi. Jemadari alikuwa na mamlaka ya kuamua, hata hivyo aliliweka jambo mbele ya Kamati. Kamati ilikuwa na ari, hata hivyo ilikubali ukweli. Pengine pote duniani kamanda angeogopa kuonekana mwoga. Pengine pote Kamati ingeogopa kuonekana imekosea. Katika siku hiyo moja, mbinu mbaya ilitupwa kabla ya kuua watu, wala haikungojewa hadi baadaye ipate kulaumiwa.

Kusimama mbele ya watu

Baada ya ushindi lilikuja jaribio la namna nyingine. Kati ya mwaka 1953 na 1956 Chama kiliendesha mabadiliko ya umilikaji wa ardhi Kaskazini. Lengo lilikuwa la haki: ardhi impate anayeilima. Lakini katika utekelezaji yalifanyika makosa makubwa. Watu wengi waliitwa makabaila ambao hawakuwa makabaila. Wakulima wa kati na hata wazalendo waliopigana na Wafaransa walihukumiwa, na baadhi yao waliuawa. Makada walikuwa wamepewa idadi ya maadui wa kutafutwa, na kada aliyepewa idadi huitimiza.

Mwezi Oktoba 1956 Halmashauri Kuu ya Chama ilikiri makosa, na Truong Chinh, yule aliyeandika na Giap kuhusu wakulima, akaacha ukatibu mkuu. Ilimpasa mtu asimame mbele ya wananchi mjini Hanoi aeleze kosa la Chama. Aliyesimama alikuwa Giap. Sababu si ngumu kuiona: jina lake lilikuwa bado linaaminiwa. Hakulitumia jina hilo kujitenga na wenzake na kusema, «Mimi nilikuwa vitani.» Alilitumia kubeba mzigo wa wote. Yako mambo ambayo kukiri peke yake hakuwezi kuyarudisha; waliokufa hawakufufuka. Lakini Chama kisichoweza kumtuma mtu wake bora kwenda kusema ukweli mchungu hakitakuwa na mtu wa kumtuma wakati wa hatari.

Kushuka cheo

Sasa tunafika mahali ambapo wasimuliaji wengi wa vita huishia, na ambapo sisi tunaona somo kubwa zaidi kwa makada.

Wakati wa vita dhidi ya Marekani nguvu ya kuamua ndani ya Chama ilihamia kwa Le Duan na wenzake. Mwaka 1967 baadhi ya maofisa na makada waliokuwa karibu na Giap walikamatwa. Mashambulizi makubwa ya Tet yalipoanza mwishoni mwa Januari 1968, Giap alikuwa nje ya nchi, Hungaria, kwa matibabu. Bado alikuwa Waziri wa Ulinzi Saigon ilipokombolewa tarehe 30 Aprili 1975, lakini aliyeongoza kampeni hiyo uwanjani alikuwa Van Tien Dung. Mwaka 1980 Giap aliondolewa Wizara ya Ulinzi, na Dung akaichukua nafasi hiyo. Mwaka 1982 aliondolewa katika Kamati ya Siasa ya Chama. Alibaki Naibu Waziri Mkuu, akisimamia sayansi na teknolojia. Kisha katika miaka hiyo ya 1980 aliwekwa pia kuongoza kamati ya taifa ya idadi ya watu na uzazi wa mpango.

Watu walifanya mzaha. Mshindi wa Dien Bien Phu anahesabu watoto! Mzaha huo ulipita katika mitaa ya Hanoi, na baadhi ya waliompangia kazi hiyo huenda walijua kwamba ungepita.

Jemadari angeweza kufanya nini? Jeshi lilikuwa linampenda. Katika nchi nyingine tulizozitaja mwanzoni, mtu mwenye sifa hiyo, akiguswa hivyo, angeita vifaru. Giap hakuita vifaru. Alikwenda ofisini.

Hapa yafaa tujihadhari na hitimisho jepesi. Msomaji mmoja atasema: huo ndio utii, kada bora hukubali kila anachoambiwa na kunyamaza. Mwingine atasema: huo ni udhaifu, alipaswa kupigania haki yake. Wote wawili wanatazama cheo na kusahau kazi. Nchi iliyokuwa imepigwa mabomu mengi kiasi kile, yenye watu wanaoongezeka haraka na chakula haba, ilihitaji sayansi na ilihitaji mpango wa uzazi kama ilivyohitaji mizinga zamani. Dharau ilikuwa katika nia ya baadhi ya watu. Katika kazi yenyewe haikuwamo. Mtu anayeikataa kazi ya umma kwa sababu ni ndogo kwake amekwisha kujiweka juu ya umma.

Barua za mwisho

Giap alistaafu mwaka 1991, akiwa na umri wa miaka 80. Wengi walidhani habari zake zimekwisha. Mwaka 2009 Serikali ya Vietnam ilikuwa na mpango mkubwa wa kuchimba boksiti katika Nyanda za Juu za Kati, kwa kushirikiana na makampuni ya China. Giap, mzee wa miaka 97, aliwaandikia barua viongozi akiwaomba wausimamishe. Alitoa sababu za mazingira, za maisha ya makabila madogo ya huko, na za ulinzi wa eneo ambalo kila askari wa Vietnam analijua kuwa ni uti wa mgongo wa nchi.

Jambo lililoipa barua hiyo uzito ni hili. Giap alikumbusha kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1980 yeye mwenyewe alisimamia utafiti wa maendeleo ya nyanda hizo, na kwamba wataalamu wa Urusi ya Kisovieti walishauri boksiti hiyo isichimbwe kwa ajili ya madhara yake. Yaani ujuzi aliokuwa nao haukutoka Dien Bien Phu. Ulitoka katika ile kazi «ndogo» aliyopewa aliposhushwa. Kama angekaa ofisini kwa kinyongo, akihesabu siku, angekuwa na jina kubwa tu na asingekuwa na hoja.

Uchimbaji uliendelea. Hatudai kwamba aliyesema kweli hushinda kila mara. Lakini barua yake ilifungua mjadala ambao wanasayansi na maofisa wastaafu waliuingia kwa ujasiri. Giap alifariki Hanoi tarehe 4 Oktoba 2013, akiwa na umri wa miaka 102. Watu walipanga foleni ndefu kumwaga, na akazikwa jimboni kwake, Quang Binh, mbali na makaburi ya viongozi ya mji mkuu.

Nasi tunajifunza nini

Sisi wa Tanzania swali la jeshi tulilikuta mapema. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles, jeshi lililorithiwa kutoka kwa mkoloni, waliasi katika kambi ya Colito. Madai yao juu ya mishahara na juu ya maofisa wa Kiingereza yalikuwa na msingi. Njia waliyoichukua ilikaribia kuizamisha nchi, na Serikali ilipata aibu ya kuomba askari wa Uingereza waje. Jibu la TANU halikuwa kuishi bila jeshi. Tarehe 1 Septemba 1964 liliundwa Jeshi la Wananchi, likichukua vijana kutoka Umoja wa Vijana wa TANU na Jeshi la Kujenga Taifa. Mrisho Sarakikya aliliongoza hadi mwaka 1974, kisha akaendelea kulitumikia taifa katika uongozi wa kiraia na ubalozi. Mwongozo wa mwaka 1971 ulisisitiza ulinzi wa umma wenyewe, na vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979 ilionyesha kwamba msisitizo huo haukuwa wa bure.

Tangu mwaka 1992, mfumo wa vyama vingi ulipoingia, mwanajeshi wetu haruhusiwi kuwa mwanachama wa chama cha siasa. Wako wanaofikiri kwamba kwa hiyo mafunzo ya Giap hayatuhusu. Sisi tunaona kinyume. Kadi ilitoka mfukoni mwa askari, lakini swali la mizizi katika umma halikutoka. Na kwa makada wa kiraia swali la cheo limezidi kuwa kali. Tumezoea kusema kwamba cheo ni dhamana. Usemi huo haupimwi siku ya kuapishwa, wakati kila mtu anashangilia. Unapimwa siku ambayo barua ya uhamisho inamfikia kada ikimtoa mkoani na kumpeleka kwenye bodi ambayo hakuna gazeti litakaloiandika. Je, atasoma mafaili ya bodi hiyo, au atakaa akipanga fitina za kurudi?

Upande wa pili wa swali unawahusu wanaoandika barua za uhamisho. Giap alinyenyekea, lakini unyenyekevu wake hauwatakasi waliowakamata wenzake mwaka 1967. Chama kinachotumia uhamisho kama adhabu ya kificho kinawafundisha makada wake kuogopa kusema ukweli, na kada mwoga hataziona dalili za kosa kabla ya kosa kuwa janga. Kamati ya Dien Bien Phu iliweza kubadili uamuzi kwa sababu kamanda wake hakuogopa kuuleza wasiwasi wake.

Kwa hiyo utii tunaoutaka una miguu miwili. Wa kwanza ni kukubali kazi yoyote ya umma na kuifanya kwa bidii. Wa pili ni kusema wazi, kwa ujuzi uliopatikana katika kazi hiyo, pale ambapo viongozi wanakwenda kombo. Mwenye mguu wa kwanza tu ni mtumwa. Mwenye wa pili tu ni mpiga kelele. Vikao vya matawi na madarasa ya itikadi vijadili jambo hili kwa mifano ya mahali vilipo: nani alipewa kazi ndogo akaikuza, nani alisema kweli akasikilizwa, na nani alisema kweli akahamishwa.